"Mfumo umekataa" si jibu la kumpa mteja

Mwaka jana nilikaa siku nzima nyuma ya dirisha la mikopo la taasisi moja hapa Unguja. Kazi yangu ni kukagua vihatarishi. Akaja mama wa makamo kutoka Jambiani, mkulima wa mwani, anataka mkopo wa kununulia kamba na mashine ya kusagia mwani wa sabuni. Kijana wa dirishani akaangalia kompyuta, akamwambia: "Samahani mama, mfumo umekataa."

"Umekataa kwa sababu gani, mwanangu?"

Kijana akarudi kuangalia. Palikuwa na namba tu pale, na rangi nyekundu.

Nikaomba faili. Mfumo wenyewe ni programu ya akili mnemba iliyonunuliwa nje ya nchi, ikafunzwa kwa mienendo ya watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mwani hauendi hivyo. Mkulima hushuka pwani maji ya bamvua, bahari inapotoka mbali, na pesa haziingii mpaka mzigo ukauke na mnunuzi aje. Kwenye simu ya mama yule pesa ziliingia kwa mkupuo, zikafuata wiki za kimya, kisha mkupuo mwengine. Mashine ikauhesabu ukimya ule kuwa dalili ya mtu asiyelipa. Mchumaji karafuu wa Pemba, ambaye msimu mmoja ndio unaombebea sehemu kubwa ya mwaka, angehesabiwa vibaya zaidi.

Sisemi tusiitumie akili mnemba. Inapanga nyaraka haraka, na inashtukia muamala wa wizi saa nane za usiku sote tukiwa tumelala. Lakini benki, kampuni ya bima au duka la dawa ni biashara ya leseni, na leseni hiyo ina jina lako wewe, si la aliyekuuzia programu. Mwaka 2024, baraza moja la madai la jimbo la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa maelezo ya makosa kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu ya mfiwa, na programu ya kujibu maswali kwenye tovuti yake. Kampuni ilijitetea kana kwamba programu ile inajibeba yenyewe. Utetezi huo ulikataliwa.

Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano, na shughuli za benki zimo humo. Sheria hiyo inampa mteja haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Wateja wengi hawaijui haki hii. Andika barua, ubaki na nakala.

Kuna suala la majina, ambalo nalisema kila kikao na nitaendelea kulisema. Programu za kunasa utakatishaji fedha, yaani kuzisafisha pesa za uhalifu zionekane halali, hulinganisha majina ya wateja na ya watu wanaoshukiwa. Huku mjukuu hupewa jina la babu, na akina Khamis Juma Khamis wamejaa kuanzia Mkoani hadi Wete. Karani mmoja anaandika Khamis, mwengine Hamisi. Huyu Othman, yule Athumani. Programu itawaunganisha watu wawili kuwa mmoja, au itampasua mmoja kuwa wawili, na asiye na kosa atafungiwa akaunti siku ya kulipa ada ya mtoto. Ianze namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, jina lifuate, na mtu aangalie kabla akaunti haijafungwa.

Kabla ya kununua programu ya mikopo, chukueni faili za zamani za watu mliowakopesha wakalipa. Zipitisheni humo. Angalieni ingewakataa kina nani, wa shehia zipi, wanaoishi kwa kazi gani. Ikiwa wakulima wa mwani wote wanaanguka, kasoro iko kwenye programu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, msinunue. Na afisa anayepitia maamuzi awe na uwezo wa kuyatengua, si wa kugonga muhuri tu. Taarifa za wateja zisibandikwe kwenye programu za bure za mtandaoni, hata kwa kufupisha barua.

Faili la mama wa Jambiani lilipitiwa upya. Alileta daftari lake la mauzo, lina madoa ya chumvi, kila mzigo umeandikwa kilo na bei. Afisa akaandika sababu zake kwa mkono, moja moja. Mkopo ulitoka, ingawa si wote aliouomba. Mama akauliza kwa nini umepungua, na safari hii kijana wa dirishani akamsomea.