Kisigino cha mtoto kilichovunjika: si kila mfupa "hujiseti"

Msimu wa parachichi Rungwe, watoto hupanda miti na wengine huanguka kwa miguu. Kisigino kikivimba, wazee husema: "Mfupa wa mtoto ni mbichi, mchue kwa maji ya moto, utajiseti."

Kauli hiyo ina ukweli nusu, na ndiyo maana imedumu. Mifupa ya watoto huunga haraka, na visigino vingi vilivyovunjika bila vipande kuhama hupona kwa plasta ngumu na kutokanyagia mguu kwa wiki kadhaa. Mtoto mdogo mara nyingi hahitaji kisu kabisa.

Shida iko kwenye kiungo. Juu ya mfupa wa kisigino kuna uso laini unaobeba mfupa mwingine. Hapo ndipo mguu hupinda kushoto na kulia, kama tunapotembea kwenye miteremko ya huku kwetu. Uso huo ukizama au ukipasuka, kuunga peke yake hakuunyooshi. Daktari wa mifupa hurudisha vipande na kuvishika kwa waya au skrubu, hasa kwa mtoto mkubwa ambaye muda wake wa kukua umebaki mfupi. Mara nyingi husubiri kwanza uvimbe upungue, kwani ngozi ya pembeni mwa kisigino ni nyembamba na kidonda cha upasuaji hapo husumbua. Kusubiri huko si uzembe.

Kuchua, nakusihi mzazi, acha. Picha ya kwanza ya eksirei huweza kuonekana safi hata kama mfupa umevunjika. Mtoto akiendelea kukataa kukanyaga, mrudishe hospitali. Akilalamika mgongo pia, mwambie daktari: anguko hilo huweza kuumiza uti wa mgongo.