Scale ya samaki na scale ya mizani sio neno moja jamani

Wiki iliyopita tena. Darasa la jioni la Kiingereza hapa Kirumba, Mwanza, kijana anayefanya kazi kiwanda cha minofu ananyoosha mkono ananiambia, mwalimu, mizani inaitwa scale kwa sababu wazungu wa zamani walikuwa wanapimia samaki, na samaki ana scale, ndo jina likahamia hapo. Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Hii nimeisikia mwaloni, nimeisikia kwa waongoza watalii, hadi kwa walimu wenzangu, na inaniuma manake inaharibu tafsiri za watu.

Ukweli ni kwamba hayo ni maneno matatu yaliyokutana kwenye tahajia moja tu.

La kwanza ni gamba. Limeingia kwa Kifaransa cha zamani, escale, baada ya Wanormani kuivamia Uingereza 1066, na Wafaransa walilitumia hata kwa ganda la nje la punje au njugu, yani kitu kinachobanduka. Bandua gamba la sato lile kubwa la ubavuni utaona mwenyewe. Ndo maana hata ule utando mweupe mgumu unaoshika ndani ya birika la chai wanauita scale, unabanduka vipande vipande.

La pili ni mizani, na hapa samaki hayupo kabisa. Limetoka kwa watu wa Skandinavia, skál, maana yake bakuli la kunywea. Fikiria mizani ya kizamani, ile ya sahani mbili zinazoning'inia kama kwenye nembo za mahakama: kila sahani ni bakuli, ni scale moja, zikiwa mbili ni scales, na ndo maana Waingereza mpaka leo mizani moja wanaiita scales kwa wingi. Wadenmaki wakigonganisha glasi bado wanasema skål, neno lilelile.

Sasa kuna mjanja ataniambia mwalimu lakini hayo mawili si ndugu? Ni ndugu wa mbali, ndiyo, huko nyuma kabisa kwenye lugha za Kijerumani za kale kuna mzizi wa kupasua na kutenganisha, na shell nayo imo humohumo. Lakini huo undugu ni wa maganda na mabakuli, hakuna aliyekuwa anapima sangara.

La tatu ndo linalowaangusha zaidi. Scala ya Kilatini, ngazi, inatokana na kitenzi cha kupanda. Skeli ya mshahara ni hiyo, ile S ya TGS, madaraja ya mishahara ya serikali, ni hiyo, skeli ya ramani ni hiyo, do re mi ya kwaya ni hiyo. Dada mmoja darasani alipewa sentensi the thieves scaled the wall, akaandika wezi walipara ukuta. Sio mzembe, ni binti anayepara samaki kila asubuhi na akili ilienda kwenye kisu na magamba, ila angejua kuna ngazi angeandika waliukwea ukuta bila shida yoyote.

Ushauri wangu ni uleule kila siku, nunua kamusi ya karatasi, tena kubwa. Ukifungua scale utakuta neno limerudiwa lina vinamba vidogo 1, 2, 3 juu yake, vile vinamba sio mapambo, vinakuambia haya ni maneno mbalimbali yenye asili mbalimbali. Simu inakupa jibu la kwanza tu unafunga.

Mengine haraka. Eti sangara anaitwa perch kwa sababu anatulia kwenye mawe kama ndege kwenye tawi. Hapana. Perch ya ndege ni pertica ya Kilatini, fimbo ndefu, na perch ya samaki ni perke ya Kigiriki iliyopitia perca ya Kilatini. Na sangara wetu, Lates niloticus, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, wala sio perch halisi, perch halisi ni samaki wadogo wa kwenye mito na maziwa ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini.

Na tilapia mnasema ni Kiingereza cha sato. Ni jina la kisayansi alilolitoa Andrew Smith 1840, na limetokana na neno la Kitswana, tlhapi, maana yake samaki basi.