Jina la Ukoo Si Kosa la Karani

Kila Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, madirisha ya usajili hapa Moshi hupokea ombi lile lile: "Naomba mnirekebishie jina, hili la kizamani linanisumbua." Nkya anataka kuwa Nkia. Lyimo anataka Limo. Kijana aliyerithi jina la babu, Elirehema, anataka lolote fupi.

Jina la kizamani halina kosa kisheria. Hakuna sheria inayotaka jina liwe jepesi kutamkwa. Kinachomkwamisha mwananchi ni kuwa na majina matatu kwenye nyaraka tatu: Massawe kwenye cheti cha ubatizo, Masawe kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwenye kitambulisho cha taifa jina la babu limekaa mahali pa ukoo. Siku ya mirathi mnagombana na karani wa benki, naye yuko kazini tu.

(Hiyo "s" mbili, nadhani, tuliachiwa na Wajerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na katika Kijerumani "s" moja kati ya irabu husomwa kama "z". Hakuna aliyetaka kuitwa Mazawe.)

Sasa taratibu. Ikiwa karani wa usajili alikosea, fika RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ukiwa na cheti chenyewe cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo au cha shule ya msingi, na nyaraka za wazazi zenye jina sahihi. Unaweza kutakiwa kuleta kiapo. Ikiwa unabadili kwa hiari yako, hayo si masahihisho. Wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, ile wanayoiita didipoli, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha ndipo uipeleke NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Namba yako ya tarakimu 20 inabaki ile ile; linalobadilika ni jina. Baada ya hapo nenda benki, mamlaka ya mapato (TRA), mfuko wa hifadhi ya jamii, na usisahau laini ya simu. Ukiishia njiani, umejiongezea jina la nne.

Muhtasari wa kikao cha ukoo haubadili jina. Nimeshasema hili dirishani mpaka sauti imekauka. Tunauheshimu, pengine utafaa kama ushahidi, lakini hata ukoo mzima ukitia sahihi, si hati. Vilevile, mwanamke akiolewa halazimiki kuacha jina la kwao. Wanaomwambia analazimika wamwonyeshe kifungu cha sheria.

Na tafadhali, msishike wembe. Tumewahi kuletewa cheti kilichokwanguliwa "y" ikawekwa "i" kwa kalamu ya wino, na mwenyewe anatabasamu. Kughushi waraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinafika miaka saba. Kwa herufi moja.

Wazazi wenye watoto wanaokaribia kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, kagueni sasa. Jina analosajiliwa nalo ndilo Baraza la Mitihani litakaloandika kwenye cheti chake.

Njooni kabla ya pilikapilika za sikukuu. Kama babu bado anatembea, mje naye. Mara nyingi yeye ndiye pekee anayejua ukoo wenu ni wa "y" au wa "i".