Modeli ya mnyama katika utafiti wa mguu unaokosa damu

Iskemia kali ya mguu isichanganywe na upungufu wa damu. Hapa damu ipo, ila njia imeziba. Ateri zinazoshusha damu mguuni zimejaa mafuta na chokaa kwa miaka mingi, hadi mgonjwa anaumwa hata akiwa amelala. Usiku anauning'iniza mguu kando ya kitanda apate nafuu. Baadaye vidole huingia donda ndugu, na damu isipofika mguu hukatwa.

Modeli ya mnyama, katika utafiti huu, ni mnyama aliyezibwa ateri makusudi ili dawa, jeni au seli zijaribiwe kwake kabla ya kufika kwa binadamu.

Anayetumika zaidi ni panya. Hupewa dawa ya usingizi, hupasuliwa kidogo kinenani, kisha ateri ya paja hutenganishwa na vena na neva zilizolala kando yake, ikafungwa kwa uzi au ikaondolewa kipande. Mkono unatakiwa uwe mwepesi: neva ikijeruhiwa, panya atachechemea kwa sababu isiyohusiana na damu. Mguu wa pili haufungwi, ndio wa kulinganishia. Kisha mashine ya leza hupima mtiririko wa damu na kutoa picha ya rangi, ambapo kwa kawaida bluu ni damu kidogo na nyekundu ni nyingi. Siku ya upasuaji mguu mmoja ni bluu, mwenzake mwekundu. Picha hurudiwa kwa wiki tatu au nne.

Ukoo wa panya nao hubadilisha matokeo. Panya weusi wa C57BL/6 wamezaliwa na vijiateri vingi vya pembeni, hivyo damu hupata njia za mchepuko na mguu hupona wenyewe, hata bila dawa. Weupe wa BALB/c wana vichache. Kwao vidole huweza kufa kabisa. Dawa ileile inaweza kuonekana ya ajabu kwa hawa na ya kawaida kwa wale.

Kwangu mimi, udhaifu mkubwa uko kwenye muda. Panya huzibwa ateri ndani ya dakika chache tu, akiwa kijana mwenye afya. Mgonjwa ni mzee, mara nyingi ana kisukari au amevuta sigara miaka mingi, na ateri zake zimeziba polepole. Ndiyo maana wengine hutumia panya wenye kisukari au waliozeeka. Wengine huvisha ateri pete ya ameroidi, yenye kaseini, protini ya maziwa, ambayo hufyonza majimaji, ikavimba na kuibana ateri siku baada ya siku. Sungura na nguruwe nao hutumika, kwa kuwa mishipa yao ni mikubwa zaidi, ingawa gharama hupanda.

Pengo hili limeshaonekana hospitalini. Tiba ya jeni iitwayo NV1FGF, iliyokuwa imetia moyo kwa wanyama, ilipimwa kwa wagonjwa 525 katika jaribio la TAMARIS, lililochapishwa mwaka 2011. Haikupunguza kukatwa miguu wala vifo.

Kwa hiyo ukisoma kwamba dawa fulani imerudisha damu mguuni kwa panya, tazama kwanza ilidungwa lini. Mara nyingi ni siku ileile ateri ilipofungwa, wakati ambapo mgonjwa huwa hata hajajua kwamba anaumwa.