Trekta likizama, usikimbilie pampu

Huku Magu na Misungwi, trekta likizama kwenye majaruba ya mpunga utasikia: “Ongeza upepo!” Kumbe ni kinyume. Tairi gumu hugusa ardhi padogo, likajichimbia kaburi. Punguza upepo, ila usishuke chini ya kipimo cha mtengenezaji kwa mzigo uliobeba, nalo litatandaza tumbo na kashata nyingi, yale meno ya tairi, zitashika udongo. Tope la mpunga lina tairi lake hasa, R-2, lenye kashata za kina kama mara mbili ya R-1, lile la kawaida.

Ukilima pamba kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, R-1 inatosha. R-2 ukiivutia tela la mawe kwenye lami ya Mwanza, italika upesi. Huko lami, sawa, ongeza upepo.