Ridhaa kamili ni ipi?

Kabla ya upasuaji mgonjwa huletewa karatasi na kalamu, au kidau cha wino wa dole gumba, na wengi wetu karatasi hiyo ndiyo tunayoiita ridhaa. Kwa wanaochunguza sheria na maadili ya tiba, ridhaa kamili hupatikana kabla kalamu haijashikwa. Mtu awe ameelezwa kwa lugha anayoielewa atafanyiwa nini, kuna faida na hatari gani, na kuna njia gani nyingine. Awe na utulivu wa kufikiri. Tena awe huru kukataa bila kunyimwa huduma.

Kesi ya Namibia inalifafanua hili vizuri. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi walifungwa kizazi walipojifungua kwa upasuaji katika hospitali za serikali. Waliposhtaki, serikali ilijitetea kwa fomu walizosaini. Saini zilikuwa zao kweli. Ila zilitiwa wakati gani? Mama yuko leba, uchungu umembana, na nyaraka zinasema BTL, herufi tatu za kidaktari zinazomaanisha kufunga mirija ya uzazi. Mahakama Kuu mwaka 2012, kisha Mahakama ya Juu mwaka 2014, zilisema hapo hapakuwa na ridhaa. Madai kwamba walifungwa kizazi kwa sababu ya virusi hayakuthibitika, lakini hilo halikuhitajika ili washinde: mwili wa mtu ni wake, na uamuzi wa kuzaa tena au kutozaa haumpasi daktari, hata awe na nia njema kiasi gani.

Dharura ni jambo jingine. Aliyezimia na anavuja damu hutibiwa bila kusubiri jibu lake. Kufunga kizazi hakuna haraka hiyo; kunaweza kuzungumzwa kliniki, miezi kabla ya kujifungua.

Kwa watunga sera swali gumu ni muda. Muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa arobaini atamweleza nani kwa utulivu? Sheria ikidai saini tu, atakusanya saini. Nionavyo mimi, fomu ingekuwa na nafasi ya kuandika jibu la mgonjwa mwenyewe kwa swali moja: “Hebu nieleze, mama, kesho unakwenda kufanyiwa nini?” Akishindwa kujibu, kalamu isubiri.