Kufundisha Watoto Michoro ya Vyungu vya Ugiriki ya Kale kwa Njia ya Kukwangua

Walimu wengi wa sanaa wanalifahamu zoezi la kukwangua. Mtoto hupaka krayoni za nta kwenye karatasi ngumu, hufunika nta hiyo kwa rangi nyeusi, na rangi ikishakauka huikwangua kwa kijiti hadi rangi ya chini itokeze. Zoezi hili hutumika mara kwa mara kufundishia vyungu vya Ugiriki ya kale, kwa kuwa weusi juu ya rangi ya tofali humkumbusha mtu haraka vyombo alivyoviona katika makumbusho au vitabuni. Sisi tunaofundisha watoto makumbushoni tunalipenda, ila tuna kasoro moja ya kuitaja. Karatasi nzima ikipakwa nyeusi, kisha mtoto akamchora shujaa wake kwa mistari ya rangi ya chungwa, kazi hiyo inapendeza, lakini haifuati njia yoyote kati ya zile mbili kuu zilizotumiwa na wachoraji wa Athens. Marekebisho yanayohitajika ni madogo, na yakifanyika, mkono wa mtoto hupita mle mle ulimopita mkono wa mchoraji wa miaka 2,500 iliyopita.

Mbinu inayohusika hapa huitwa na wataalamu mbinu ya sura nyeusi. Ilianza Korintho, mji mwingine wa Ugiriki, mnamo karne ya 7 KK, na kabla ya karne hiyo kwisha wachoraji wa Athens walikuwa wameichukua. Mchoraji alipokea chombo kilichokwisha kufinyangwa na kukauka kiasi, akajaza kwa brashi umbo la mtu, farasi au simba, likawa kama kivuli kitupu kisicho na jicho wala kidole. Ndipo alipochukua kifaa chenye ncha kali na kuchanja ndani ya kivuli hicho nywele, kope, mikunjo ya nguo na misuli ya paja, kila chale ikipenya tabaka la juu hadi kwenye udongo wenyewe wa chombo. Nafasi iliyolizunguka umbo iliachwa na rangi yake ya udongo. Weusi, kwa maneno mengine, ndio uliokuwa mwili wa mtu, na kukwangua kulitumika kuupa mwili huo uhai. Mtoto aliyewahi kuona vyungu vyetu vilivyotiwa nakshi za mikato shingoni anaweza kudhani kwamba ni jambo lile lile, na hapo mwalimu amweleze tofauti: mikato ya namna hiyo huingia katika udongo mbichi wa chungu chenyewe na kuonekana kwa sababu ya kivuli cha mfuo, ilhali chale ya Mgiriki ilionekana kwa sababu ilifunua rangi nyingine iliyo chini.

Weusi wenyewe unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndio unaowashangaza watoto kuliko kitu kingine chochote. Haukuwa rangi ya kununua wala masizi. Ulikuwa udongo wa aina ile ile ya chombo, uliokorogwa katika maji na kuachwa utuame hadi zikabaki chembe laini kabisa, na wakati wa kupakwa ulitofautiana kidogo tu na udongo uliokuwa chini yake, hivyo mchoraji alifanya kazi bila kuiona picha yake kama tunavyoiona sisi leo. Tofauti ililetwa na moto. Hewa iliachwa iingie katika tanuri, na chuma kilichomo katika udongo kikafanya kila kitu kiwe chekundu; kisha matundu yakazibwa na kuni mbichi zikaongezwa, joto likiwa takribani nyuzi 900 za Selsiasi, na chombo kizima kikawa cheusi; mwishoni matundu yakafunguliwa tena. Mwili wa chombo, wenye vinyweleo, ukavuta hewa na kurudia wekundu wake, lakini ule udongo laini ulikuwa umeshikamana kama kioo, hewa isiweze kuupenya, ukabaki mweusi. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kemia yote hiyo. Anatosheka kusikia kwamba udongo mmoja, katika tanuri moja, ulitoka na rangi mbili, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayeuliza kwa nini.

Sasa tuingie katika zoezi. Kata karatasi ya manila au boksi jembamba katika umbo la amfora, yaani mtungi wenye shingo na mikono miwili, kisha watoto waipake krayoni ya chungwa na juu yake ya kahawia, kwa kukandamiza, pasibaki mahali penye weupe wa karatasi. Nta ikiwa nyembamba, rangi nyeusi itaingia katika karatasi na haitakwanguka, na karibu kila zoezi lililoharibika huharibikia hapa. Badala ya kufunika mtungi wote, andaa kiolezo: karatasi iliyotobolewa umbo la mtu au la mnyama anayetazama upande mmoja, kwa sababu Wagiriki wa wakati huo walichora nyuso za upande, ingawa jicho walilichora kana kwamba linatazamwa kutoka mbele. Mtoto aweke kiolezo juu ya nta na kugongagonga rangi nyeusi kwa kipande cha sponji. Rangi hiyo ichanganywe na tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ili ishike juu ya nta. Tabaka mbili zinatosha. Ikikauka, kijiti cha mshikaki au kalamu iliyokwisha wino huchanja vizuri. Sindano na wembe havina nafasi katika darasa la watoto.

Kabla ya kuchanja, watoto waonyeshwe picha ya amfora ya Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, iliyomo katika Makumbusho ya Vatikani, iliyotengenezwa kati ya mwaka 540 na 530 KK hivi. Akile na Ajasi, mashujaa wa Kigiriki katika hadithi za Vita vya Troya, wameinama juu ya mchezo wa ubao, mikuki mikononi, na kutoka midomoni mwao yametoka maneno yanayotaja alama walizopata mchezoni: Akile ametaja nne, Ajasi tatu. Mtoto atazame majoho yao, ambayo Exekias aliyachanja nakshi nyembamba mno kiasi kwamba yanafanana na kitambaa kilichofumwa. Baada ya kuyatazama, watoto wengi huacha kukwangua ovyo na kuanza kuuliza mstari uende wapi, jambo linalofaa, kwani chale ikishapita haifutiki.

Kwa darasa lenye watoto wengi, utepe mrefu wa karatasi ambao kila mmoja anatia sura moja ndani yake unafaa kuliko mitungi arobaini inayofanana. Chombo cha kuchanganyia divai kilichofinyangwa na Ergotimos na kuchorwa na Kleitias takribani mwaka 570 KK, ambacho sasa kimo Firenze, Italia, kina sura zipatazo 270 zilizopangwa katika tepe za namna hiyo. Wanawake waliomo humo waliongezewa rangi nyeupe juu ya ngozi, kama ilivyokuwa desturi, na watoto wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa brashi nyembamba.

Kipindi cha pili, kama kipo, kigeuze kila kitu. Kati ya mwaka 530 na 520 KK hivi, wachoraji wa Athens walianza kupaka nyeusi nafasi inayoizunguka sura na kuiacha sura yenyewe na wekundu wa udongo, huku mistari ya ndani ikichorwa kwa brashi. Hapa hakuna kukwangua, na mwalimu asilazimishe. Mtoto aliyehangaika wiki iliyopita kuupinda mstari wa kijiti kwenye goti atagundua jinsi brashi inavyopinda kwa urahisi na jinsi inavyoweza kunenepa na kukonda, na ataelewa bila hotuba ndefu kwa nini mbinu mpya iliishinda ile ya zamani. Ipo amfora moja huko München, Ujerumani, ambayo upande mmoja inamwonyesha shujaa Herakles amejinyoosha kwenye kitanda cha karamu kwa sura nyeusi, na upande wa pili jambo hilo hilo kwa sura nyekundu. Kuziweka picha hizo mbili mezani bega kwa bega kunaokoa maelezo ya nusu saa.

Jina la mtoto lisiandikwe nyuma ya kazi. Kwenye mdomo wa amfora ile ya Vatikani, chombo chenyewe kinasema: “Exekias alinichora na kunifinyanga.” Watoto hufurahia kukifanya chombo kiseme, na kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe kwenye shingo ya mtungi, kwa brashi, kabla rangi nyeusi iliyobaki haijakauka kwenye kisahani.